Rafiki ambaye hatujaonana naye: je, anaweza kuwa rafiki wa kweli?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Igoma, Mwanza. Mwanangu mkubwa ana selimundu. Miaka mitatu iliyopita niliongezwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wenye watoto kama wangu, na humo nikafahamiana na mama mmoja wa Bukoba. Tunaandikiana karibu kila siku, tunatumiana ujumbe wa sauti, na mara chache, bando likiruhusu, tunapigiana simu za video. Mwanangu alipolazwa Bugando, alinitumia shilingi 50,000 bila kuombwa. Hatujawahi kukosana hata siku moja. Nataka kumwalika kwenye komunyo ya kwanza ya mwanangu, lakini dada yangu anasema rafiki wa kufa na kuzikana hawezi kuwa mtu asiyeujua hata mlango wa nyumba yangu, na kwamba huyo ni sauti tu. Je, urafiki wa kweli unaweza kuota kwenye simu, au najidanganya?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuuguza. Nitatanguliza jibu lenyewe ili usisome yote haya ukiwa na wasiwasi: ndiyo, urafiki wa kweli unaweza kuanza na kukua kwa njia ya mtandao, na kwa jinsi ulivyoeleza, sioni sababu ya kumnyima huyo mama wa Bukoba jina la rafiki. Hata hivyo, dada yako hakukosea kila kitu. Liko jambo moja ambalo urafiki wa namna hii hupungukiwa. Wengi hudhani kinachopungua ni ukweli wa moyo, lakini mimi naona kinachopungua ni mashahidi, na sehemu kubwa ya jibu langu itakuwa juu ya hilo.

Kwanza tuondoe dhana kwamba mambo haya yameletwa na simu janja. Watu wazima wa Kanda ya Ziwa wanawakumbuka vizuri wapenda salamu wa redio. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, na baadaye kupitia Radio Free Africa iliyoko hapahapa Mwanza, msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akaandika majina ya watu anaowasalimu, wengi wao akiwa hajawahi kuwatia machoni, akaituma, kisha akatega sikio hadi isomwe. Mtu wa Magu aliweza kumsalimu mtu wa Kahama kwa miaka, kila mmoja akimjua mwenzake kwa jina la utani alilojipachika na kwa mbwembwe zake za kuandika. Mtu angetarajia mambo yaishie hapo, lakini hayakuishia hapo: wapenda salamu waliunda vyama, wakachangishana, wakasafiri kwenda kukutana, wakahudhuria harusi na misiba ya watu ambao mwanzoni walikuwa majina tu hewani. Kadi ile haikuwa na picha wala sauti ya aliyeiandika, na uwezo wake ulikuwa mdogo mno ukilinganisha na wa simu uliyo nayo mkononi, lakini wapo waliozikana kwa sababu yake. Anayeshikilia kwamba chombo chenyewe hakiwezi kubeba urafiki inampasa atueleze yale yaliwezekanaje.

Katika habari hiyo kuna jambo nakuomba ulishike, kwa kuwa nitalirudia mbele. Salamu zile zilisomwa hadharani. Mke alisikia mumewe akisalimiwa na nani, majirani walisikia, wapenda salamu wengine walisikia, na mtu akizua uongo juu ya nafsi yake, aliuzua mbele ya halaiki.

Watafiti wa mawasiliano nao walianza na mashaka kama ya dada yako. Katika miaka ya 1980 wengi wao waliamini kwamba maandishi ya kompyuta, kwa kuwa hayaonyeshi uso wala mkao wala toni, yanafaa kwa shughuli za ofisi tu na hayawezi kujenga ukaribu. Mwaka 1992 mtafiti wa Marekani, Joseph Walther, alileta hoja tofauti: binadamu ana hamu ya kumjua mwenzake bila kujali chombo anachotumia, na akinyimwa uso atatumia maneno, mpangilio wa maneno, saa ambayo ujumbe umetumwa na muda uliopita kabla ya kujibiwa. Taarifa hizo huja kidogokidogo, hivyo ukaribu huchelewa, lakini muda ukitosha unaweza kufikia kina kilekile cha watu wanaoonana. Wewe mwenyewe una ushahidi wa hoja hiyo. Nina hakika unaweza kujua kwa namna alivyoandika tu kwamba mwenzako amekesha na mtoto, hata kabla hajakuambia.

Muda unaotakiwa ni mwingi kuliko watu wanavyofikiri. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliotoka mwaka 2018, aliwachunguza watu wazima waliohamia mji mpya pamoja na wanafunzi waliokuwa wanaanza chuo, akakadiria kwamba mtu huhitaji saa zipatazo 50 na mwenzake ili watoke kwenye kujuana tu na kuingia kwenye urafiki wa kawaida, saa 90 hivi ili waitane marafiki, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Aliona pia kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazisaidii sana, na hilo halitamshangaza yeyote aliyekaa dawati moja na mtu kwa miaka kumi bila kujua jina la mkewe. Saa alizozipima Hall zilikuwa za kukaa pamoja, kwa hiyo siwezi kuzihamishia moja kwa moja kwenye ujumbe wa simu. Lakini hata kwa nusu saa tu kwa siku, ninyi wawili mmeshapita saa 500. Jiulize ni wangapi, kati ya unaowasalimia sokoni kila asubuhi, umewahi kuwapa robo ya muda huo.

Pengine umesikia pia ikisemwa kwamba intaneti huwafanya watu wawe wapweke. Maneno hayo yalipata nguvu mwaka 1998, Robert Kraut na wenzake walipofuatilia familia za Pittsburgh, Marekani, zilizokuwa ndiyo kwanza zimeanza kutumia intaneti, wakaona dalili za upweke kuongezeka. Kinachosahaulika ni kwamba watafiti haohao walirudi kwa watu walewale, na mwaka 2002 wakatangaza kwamba athari zile zilikuwa zimefifia kwa sehemu kubwa. Waliendelea kuonyesha kwamba waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa tayari na watu wa kuwategemea nje ya kompyuta. Kipengele hicho cha mwisho kinakuhusu, nami nitakigusa baada ya kueleza kilichowaunganisha.

Ninyi hamkuanza kwa salamu za juu juu. Mlikutana mahali ambapo kila mmoja alifika akiwa na jambo zito, kisha mkaeleza. Mwaka 1997 Arthur Aron na wenzake walionyesha kwamba watu wawili wasiojuana, wakipewa maswali yanayozidi kuwa ya ndani hatua kwa hatua na wakayajibu kwa zamu, hujihisi karibu zaidi baada ya dakika 45 kuliko watu wanaopiga soga za kawaida kwa muda uleule. Uzito wa matokeo hayo uko kwenye zamu na kwenye hatua: mmoja anafungua kidogo, mwenzake anafungua kidogo, na hakuna anayebaki amevuliwa nguo peke yake. Kanda yetu ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye watoto wengi wenye selimundu, lakini mama mwenye mtoto wa namna hiyo anaweza kuishi nyumba ya wapangaji wanane na asipate hata mmoja anayeelewa kwa nini anaogopa baridi ya Julai, au kwa nini mtoto aliyekuwa anacheza saa kumi jioni analia kwa maumivu ya mifupa saa mbili usiku. Jirani atakuletea uji, na Mungu ambariki, lakini hawezi kukuuliza swali sahihi. Yule wa Bukoba anaweza. Mara nyingi mtandao haufanyi zaidi ya hapo: unamtafuta mtu mmoja aliyetawanyika mbali, ambaye mtaa wako haukuwa naye, na baada ya kumpata kazi iliyobaki ni ya watu wenyewe.

Sasa nimsikilize dada yako. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na katika maisha ya mama mwenye mtoto mgonjwa nyoka hutokea saa nane usiku. Mwenzako hawezi kumbeba mtoto hadi barabarani, hawezi kumwamsha kijana wa bajaji, hawezi kubaki na mdogo wake ili wewe uende hospitali. Ni upungufu wa kweli, usiozibwa na maneno matamu, na mtu akikuambia kwamba umbali hauna maana tena siku hizi, muulize mara ya mwisho aliuguza lini. Mtaalamu wa Uingereza, Robin Dunbar, anayejulikana kwa makadirio yake ya mwaka 1992 kwamba uhusiano ambao binadamu anaweza kuumudu ni wa watu kama 150, husema pia kwamba ndani ya hao kuna duara la ndani kabisa la watu watano hivi. Alipochunguza watumiaji wa mitandao ya kijamii wa Uingereza, katika utafiti uliotoka mwaka 2016, aliona kwamba hata wenye orodha ndefu za marafiki waliwataja watu wapatao wanne tu ambao wangewakimbilia wakati wa shida kubwa. Nafasi ni chache. Mama wa Bukoba anastahili nafasi moja, lakini lazima nyingine ishikwe na mtu anayeweza kufika kwako kwa miguu. Barua yako haimtaji mtu wa aina hiyo zaidi ya dada yako, ambaye hukusema anaishi wapi. Ikiwa hayupo, huo ndio upungufu wa kushughulikia kwanza, na urafiki wa Bukoba hauna hatia katika hilo.

Nije kwenye mashahidi. Hapa kwetu hatumjui mtu kwa maneno yake pekee. Tunamjua kupitia watu. Mpangaji mpya akihamia Igoma, haupiti mwezi kabla wapangaji wenzake hawajajua ametoka Misungwi au Ukerewe, anasali wapi, anafanya kazi gani na nani alimtafutia chumba. Mjumbe ana jina lake. Fundi aliyemtengenezea mlango ana maoni yake. Akijisifu kwa uongo, atatokea mtu wa kucheka pembeni, na kicheko hicho kinakulinda wewe. Mtu unayemjua kwa simu tu, shahidi wake ni yeye mwenyewe: ndiye anayetoa habari zake na ndiye anayezithibitisha.

Matapeli wanalielewa jambo hili kuliko wataalamu wengi. Ukisikiliza kwa makini visa vya watu walioliwa fedha na mtu wanayemwita mpenzi au rafiki wa mtandaoni, utaona kwamba ombi la fedha si la kwanza. La kwanza huwa ni siri: usimwambie ndugu yako kwanza, watu wa kwenu hawatatuelewa, haya yabaki kati yetu. Mashahidi wakishaondolewa, linakuja ombi dogo la fedha, kisha kubwa, kila mara likiwa na haraka, na kila mara fedha zikienda upande mmoja. Ni kweli kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015, kwamba laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, na kwamba namba ya tapeli inaweza kuripotiwa kupitia 15040. Hayo yote yana faida, lakini usajili wa laini unakuambia jina la mwenye laini tu, na haukuambii kama mtoto anayemsimulia kila jioni yupo.

Linganisha na hali yako. Mlikutana kwenye kundi, na humo wamo wazazi wengine waliosoma maneno yake kwa miaka mitatu. Bila shaka wamo wa Bukoba waliokutana naye kliniki, na ukimuuliza mmoja wao kwa heshima hutakuwa umekosea adabu. Umemwona kwenye simu ya video akiwa nyumbani kwake. Fedha alizotuma zilikuja kwako bila kuombwa, wakati mtoto amelazwa, na akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hukuniambia kama nawe umewahi kumtumia kitu. Sikuulizi kwa sababu ya hesabu. Urafiki wa kwetu huenda kwa kupokezana, na anayepokea tu, hata kama hajaombwa kurudisha, baada ya muda hugeuka kuwa mdaiwa bila mwenzake kukusudia. Ikiwa bado, siku mtoto wake akiugua, tuma hata nauli ya kwenda kliniki. Nasisitiza kiasi ambacho kikipotea hakitawalaza na njaa, na kanuni hiyo ningekupa hata kama rafiki angekuwa anaishi nyumba ya pili.

Sentensi iliyonisimamisha katika barua yako ni ile ambayo naamini uliiandika kwa fahari: kwamba hamjawahi kukosana hata siku moja. Walther, baada ya hoja yake ya mwaka 1992, aliongeza nyingine mwaka 1996. Alisema wakati mwingine watu wanaoandikiana huhisi ukaribu kuliko hata wanaoonana, kwa sababu kila mmoja ana muda wa kuchagua maneno, kufuta, kuandika upya na kuonyesha upande wake mzuri, na anayesoma hujaza mapengo yaliyobaki kwa mambo mema anayoyatamani. Hakuna anayedanganya hapo. Wewe unamtumia ujumbe ukiwa umeshatulia, naye anajibu akiwa ametulia, na zile saa ambazo kila mmoja wenu ni mkali, mchovu au mwenye wivu hazifiki kwenye simu. Miaka mitatu bila kukwaruzana inaweza kuwa ni baraka tu. Inaweza pia kuwa kwamba mnatunzana kama wageni. Huhitaji kumchokoza ili ujue. Inatosha, siku atakaposema jambo ambalo hukubaliani nalo, juu ya dawa za kienyeji au juu ya mume wake au juu ya jinsi ya kumlea mgonjwa bila kumdekeza, umwambie wazi kwamba wewe unaona vingine, kisha uone mazungumzo ya kesho yanakuwaje. Akikasirika na kurudi, mmesogea mbele. Akikaa kimya wiki nzima kwa sababu ya neno moja, umejifunza jambo ambalo miaka mitatu haikukufundisha. Usilifanye hilo kwa maandishi, tafadhali. Ukali wa maandishi huonekana mara mbili ya ulivyokusudiwa; piga simu.

Ukiniuliza nini hutenganisha wanaoandikiana kwa miaka na marafiki, nitakujibu kwamba ni kuingizana katika maisha ya wengine. Je, watoto wake wanalijua jina lako? Mume wako akiokota simu yako ikiita, anajua anayepiga ni nani? Ukiugua ghafla, Mungu aepushe, yupo mtu hapo nyumbani ambaye angekumbuka kumpa taarifa? Majibu yakiwa hapana, urafiki wenu ni wa kweli lakini haujashikiliwa na mtu yeyote zaidi yenu wawili, na simu ikiibwa pale stendi unaweza kupotea ndani ya siku moja. Andika namba yake kwenye karatasi. Mpe dada yako aongee naye dakika tano. Mwambie naye akukutanishe na mtu wake mmoja, mama yake au shoga yake wa jirani. Kuonana ana kwa ana husaidia hasa kwa sababu hii, ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kukutana huja kuthibitisha tu yaliyokwisha kujulikana. Siku moja ya kukaa naye jikoni, akiwa amechoka na safari na wageni wamejaa, itaongeza mambo ambayo simu ya video haikuyaonyesha.

Kwa hiyo mwalike. Komunyo ni shughuli inayofaa kwa kuwa ni ya wazi, mchana, katikati ya ndugu, na hakuna anayelazimika kukaa chumbani na mtu mmoja akitafuta la kusema. Mtumie taarifa mapema ili naye apange fedha, na mjadili waziwazi nani analipa nauli. Aibu ya kulizungumza hilo mapema ni ndogo kuliko manung'uniko ya baadaye. Kama ataona vema aje na mumewe au ndugu yake, mkubalie bila kuuliza sababu, kwa kuwa na yeye anakuja kwa mtu ambaye hajawahi kuonana naye, na huenda huko kwao pia yupo dada anayemwonya. Njia ya barabara kupitia Geita ni nafuu zaidi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, maana basi halisubiri tena kivuko, lakini bado ni safari ndefu kwa mtoto mwenye selimundu. Akija naye, ambebee maji ya kutosha na sweta, aje na dawa zake na kadi ya kliniki, nawe umwonyeshe mapema mahali pa kulala pasipopigwa na upepo wa usiku. Na kwenda kumpokea stendi ya Nyegezi usiende peke yako: mchukue dada yako, mwache akae naye siti ya nyuma hadi Igoma, na maswali yote anayokuuliza wewe amuulize mwenyewe.